Daftari Moja, Kalamu Moja

Leo naleta historia kidogo. Kuna jambo vijana wa kompyuta wanadhani ni lao peke yao, kumbe hata ofisi ya kijiji inalijua.

Chukua daftari la kaya lenye kaya 40. Karani wa kwanza anasoma 40, wa pili naye anasoma 40 dakika hiyo hiyo. Kila mmoja anaongeza kaya yake na kuandika 41. Zimekuja kaya mbili, daftari linasema 41. Yaani kaya moja imeyeyuka na hakuna aliyeiba!

Databesi za kompyuta zina ugonjwa huo huo. Mwaka 1965 Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha njia ya kufanya programu zisubiriane zinapogusa kitu kimoja. Mwaka 2000 Mmarekani D. Richard Hipp akatoa SQLite, databesi ndogo inayokaa ndani ya faili moja. Wasomaji wanaweza kuwa wengi, lakini anayeandika ni mmoja kwa wakati. Ndipo mafundi wengi wakazoea mbinu hii: kila mwenye la kuandika analiweka kwenye foleni, halafu kazi moja tu inachukua la mbele, inaandika, inarudi kuchukua linalofuata.

Sasa twende kwetu Getanuwas, Hanang. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaitaka halmashauri ya kijiji iwe na daftari la ardhi, na wa kulitunza ni mtendaji wa kijiji. Wanaoomba ni wengi, wanaojadili ni wengi, ila daftari lina mtunzaji mmoja. Si ndiyo ile ile?

Na msidhani ni mchezo. Wilayani kwetu huko huko, wanakijiji wa Mulbadaw waliishtaki NAFCO, shirika la umma lililolima ngano kwa msaada wa Kanada. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua, na sababu mojawapo ni kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi ile na baraza la maendeleo la wilaya. Watu walikuwepo, ng'ombe walikuwepo. Uthibitisho ndio haukuwepo.

Hapo ndipo napata somo: kuwa kwenye foleni siyo kuwa kwenye daftari. Umeme ukikatika wakati maombi yako kwenye kumbukumbu ya muda tu, yamekwenda na maji. Ndiyo maana fundi makini haruhusu programu ijibu "tayari" mpaka maandishi yakae kwenye diski. Vivyo hivyo "njoo kesho, tumeshakupokea" haimlindi mama mwenye shamba lake.

Kalamu moja ina ubaya wake pia. Ni ya polepole, na anayeishika anaweza kujiona bosi, akamruka wa mbele akamwandika shemeji yake. Dawa yake siyo kumgawia kila mtu kalamu, maana tutarudi kwenye zile kaya 41. Dawa ni foleni iwe wazi: namba, tarehe, saa, na kila mtu aone nani alitangulia.

Nasi walimu watarajiwa tujiandae, daftari la alama linatusubiri. Haya, tukutane kantini!