Grainda, jembe, panga: Nini cha kuangalia kabla ya kulipa Kariakoo au Gerezani

Grainda mpya ikiungua siku ya tatu, fundi anaumia mara mbili. Hela ya kununulia imeenda, na kazi aliyoichukulia advansi imesimama. Kwa fundi wa Mbagala au Tegeta anayelipwa kwa kazi, hapo mwezi umeshaharibika. Mwenye bustani naye ana hasara zake, jembe linachomoka mpini katikati ya tuta, ila yeye walau hapigiwi simu na mteja.

Wengi Dar es Salaam hununua Kariakoo au Gerezani, wengine duka la vifaa vya ujenzi la mtaani. Popote pale, mambo ya kukagua ni yaleyale.

Volti kwanza, bei baadaye

Umeme wa Tanzania ni volti 230. Japani wanatumia volti 100, na mashine nyingi za saiti za Uingereza ni za volti 110, zile zenye plagi ya njano ya duara. Zote hizo zinafika kwenye soko la mtumba. Plagi ya awali ikikatwa na kufungwa ya pini tatu za mraba, mnunuzi anaona kitu kimekaa sawa. Inaingia kwenye soketi vizuri tu, kisha mota inaungua.

Kwa hiyo kibandiko cha chuma au cha plastiki kwenye mwili wa mashine kisomwe kabla ya kuuliza bei. Kama kimebanduliwa, achana nayo. Muuzaji akiiwasha sekunde mbili ikalia kwa kasi ya ajabu, hiyo siyo sifa, huenda ni mashine ya volti 100 inayopewa umeme zaidi ya mara mbili ya unaotakiwa. Ya volti 100 au 110 inafanya kazi vizuri kwa transfoma ya kushusha umeme, lakini gharama ya transfoma iingie kwenye hesabu, na fundi anayehama saiti kila wiki atachoka kuibeba.

Feki nazo zipo. Majina makubwa kama Makita na Bosch ndiyo yanayoigwa zaidi, maana hakuna anayeiga jina lisilouzika. Linganisha namba ya mashine kwenye boksi na iliyo kwenye mwili, angalia herufi za maandishi, halafu uliza kaboni na swichi zake zinapatikana wapi. Mashine ya jina dogo yenye spea Gerezani na fundi anayejua kusuka mota yake inaweza kuwa na maana kuliko orijino isiyo na spea mjini.

Diski ndiyo inayoua

Hapa mafundi wengi wanachukulia poa. Grainda ndogo ya inchi 4 na nusu huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski ya inchi 9 imetengenezwa kuhimili kama mara 6,600. Ukiondoa kinga ili diski kubwa iingie kwenye mashine ndogo, umefunga kitu kinachoweza kupasuka usoni. Kasi ya mwisho imeandikwa kwenye diski yenyewe, na lazima iwe juu ya kasi ya mashine.

Kwenye kile kipete cha chuma katikati ya diski za kukatia na kusagia kuna tarehe pia. Gundi inayoshika diski inachoka, na kawaida muda wake ni miaka 3 tangu kutengenezwa. Diski iliyokaa juani mbele ya duka au iliyolowa isinunuliwe hata kama bei ni ya kutupa. Miwani ya kinga inauzwa maduka hayohayo.

Ekstensheni nayo ina lawama yake. Waya mwembamba na mrefu unapunguza umeme unaofika, mota inahangaika na kuchemka, halafu mashine inaitwa mbovu. Ya kuzungusha ikunjuliwe yote kabla ya kazi nzito.

Bustani: udongo ndio unaochagua

Mbagala na Chamazi kuna mchanga mwingi, jembe jepesi na reki vinatosha. Wazo na Mbweni mambo ni mengine, chini kuna mawe ya matumbawe, na bila sururu jembe jipya linapinda ncha kabla vuli haijaisha.

Jembe zuri limefuliwa kipande kimoja pamoja na tundu lake. Lililochomelewa tundu huachia hapohapo kwenye mchomeleo. Mpini uwe na nyuzi zinazokwenda kwa urefu, usiwe na fundo. Ile mbinu ya kuloweka jembe usiku ili mpini ubane inasaidia siku moja. Ukikauka unalegea tena, bora kupiga kabari.

Panga lijaribiwe kwa tupa, muuzaji akikubali. Tupa ikizama kama kwenye sabuni, chuma ni laini na makali hayatakaa. Ikiteleza bila kung'ata kabisa, ni kigumu mno, kitamegeka kwenye jiwe.

Anayemtuma fundi dukani

Fundi anajua vifaa kuliko mwenye nyumba, ila wapo wanaoweka cha juu na wapo wanaoshauri duka linalowapa asante. Njia rahisi ni kuuliza mafundi wawili wasiofahamiana wataje aina wanayotumia wenyewe kila siku, siyo wanayoisifia. Kisha nenda naye dukani.

Risiti ya EFD idaiwe, iandikwe aina na namba ya mashine. Bila risiti, ukirudi na mashine iliyoungua imekula kwako. Malalamiko ya bidhaa bandia yanapokelewa na Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Ya ubora yanakwenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Ubungo.

Kama kazi ni ya siku mbili, kumwaga zege la msingi kwa mfano, vaibreta na mashine ya kuchanganyia hukodishwa kwa siku. Ikaguliwe na kuwashwa mbele ya mwenye nayo kabla ya kupakiwa kwenye bajaji ya mizigo, na apigwe picha nayo.