Kutengwa na Kurudishwa Kundini

Katika Kiswahili cha makanisa yetu yako maneno mawili yaendayo pamoja kama kufuli na ufunguo: kutengwa na kurudishwa kundini. Mkristo aliyevunja kanuni, kwa mfano aishiye na mke asiyefunga naye ndoa kanisani, huzuiwa asiikaribie Meza ya Bwana. Akitubu, husimama mbele ya washarika akapokewa. Nia ya desturi hiyo ni kutibu, wala si kufukuza. Yafaa basi tuulize kwa nini katika Dar es Salaam ilikuwa rahisi kufunga kuliko kufungua.

Tuutazame mji wenyewe. Makanisa makubwa ya zamani za Wajerumani, la Kilutheri liitwalo leo Azania Front na la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu, yalijengwa karibu na bandari, katika sehemu ijulikanayo sasa kwa jina la Posta. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, ikazaa jina la Kariakoo, na huko ndiko Waafrika walikopangiwa kukaa. Kati ya sehemu hizo mbili uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa usijengwe. Hivyo kengele ililia ufukweni, naye aliyeitwa alilala ng'ambo ya uwanja.

Kijana aliyetoka Uchagani, Buhaya au Unyakyusa aliukuta mji ambao wenyeji wake wengi ni Waislamu, wenye udugu wao wa arusi, misiba na futari. Alipanga chumba, akatafuta kibarua, na siku ya maziko alitegemea chama cha watu wa kwao. Hakuikana imani, ilimtoka polepole, kama rangi ya kanga ifuliwayo. Kijijini mzee wa kanisa alimjua yeye na baba yake, na akitengwa Jumapili aliweza kufuatwa Jumatatu. Mjini ilikuwa rahisi aliyetengwa asifuatwe, maana hapakuwa na aliyeona pengo lake.

Mfano wa dawa ulitoka mbali na bahari. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini katika Rwanda, walikutana Namirembe wakaomba pamoja. Katika miaka ya 1930 Uamsho ulienea, ukafika Bukoba, kisha sehemu nyingine za Tanganyika. Ndugu wa Uamsho walianza kwa kuungama makosa yao wenyewe: wizi, chuki, deni lisilolipwa. Hapo ndipo ilipokuwa nguvu yao, kwa kuwa aliyerudi nyuma hana sababu ya kumwogopa mtu aliyekwisha kujishitaki mbele yake. Lakini kasoro nazo zilikuwapo. Baadhi yao waliwahesabu hata wachungaji kuwa hawajaokoka, na ugomvi ukaingia makanisani. Amwinuaye mwenzake kwa kiburi humwongezea mzigo.

Josiah Kibira, askofu wa Buhaya aliyelelewa na Uamsho huo, alichapisha mwaka 1974 kitabu Church, Clan and the World, akilichunguza kanisa pamoja na ukoo. Mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni, Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki nao, walipokutana Nairobi mwaka 1976, waliziweka jumuiya ndogondogo mbele katika kazi yao. Na Walutheri pia husali nyumba kwa nyumba. Faida yake ni moja: mtu aliyekatika na ukoo wake hupata ukoo mwingine, majirani wachache wa mtaa mmoja wauonao mkeka wake ukiwa mtupu.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini koleo halijiungi lenyewe. Sharti mhunzi aliokote. Kanisa lililotenga bila kufuata lilifanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki haifanyiki mimbarani. Hufanyika mlangoni pa chumba cha kupanga, kwa mtu aliyevuka uwanja kwa miguu, akabisha hodi, akauliza hali kabla ya kuuliza dhambi.