Uzee wa Miaka 25

Oktoba 1965 John Lennon alikuwa ametimiza miaka 25 tu, lakini aliimba kama mzee anayepekua picha za zamani. Wimbo wenyewe ni In My Life wa The Beatles, roki ya taratibu isiyofika hata dakika tatu. Mwanzoni aliandika safari ya basi, kutoka Menlove Avenue, Liverpool, alikolelewa, hadi katikati ya mji, akitaja sehemu moja baada ya nyingine. Akajisomea akaona inaboesha. Ni kama makanga anayeita steji. Basi akatoa yale majina, akabakisha yaliyokuwa nyuma yake: mitaa inabadilika, marafiki wengine wameshakufa, na kuna mpenzi mmoja anayezidi kumbukumbu zote hizo.

Walipourekodi London tarehe 18, waliacha pengo katikati. Siku nne baadaye prodyuza wao George Martin, jamaa wa miaka 39, akaketi kwenye piano. Alikuwa na kipande cha mtindo wa baroko, ule wa enzi za Bach, ila vidole vyake havingekipiga kwa kasi ya wimbo. So akapunguza mwendo wa kanda hadi nusu, akapiga polepole, oktava moja chini. Kanda iliporudishiwa mwendo wake, noti zilipanda zikakimbia, na piano ikalia kama hapsikodi, kile kinanda cha kale ambacho nyuzi zake hudonolewa. Usipoambiwa, utaapa ni hapsikodi.

Mimi husikia wimbo mzima ndani ya ujanja huo. Siku tunaziishi polepole, moja moja, lakini tukizikumbuka zinapita mbio, na sauti yake si ile tuliyoisikia tukiziishi.

Martin aliufikia uzee. Mwaka 1998, akiwa na miaka 72, alitoa albamu ya kuaga kazi, akaipa jina la wimbo huu. Mwishoni mwake Sean Connery anayasema maneno ya Lennon bila kuyaimba, kwa sauti ya mtu aliyekula chumvi. Lennon mwenyewe alipigwa risasi New York, Desemba 1980, akiwa na miaka 40.

Sisi vijana huambiwa tungoje mvi ndiyo tuzungumzie mapenzi ya kudumu. Lennon hakungoja, na kama angengoja, wimbo huu haungekuwepo.