Kitabu cha Kielektroniki katika Maktaba za Vyuo Vikuu: Historia Yake Kitui na Makueni

Utangulizi

Historia ya kitabu cha kielektroniki huelezwa mara nyingi kama historia ya mgeni aliyeingia nyumba iliyokwisha kujaa. Katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani kitabu hicho kilikuta rafu zilizojazwa kwa karne kadhaa, na mjadala ukawa juu ya kipi kibaki na kipi kiondoke. Katika Kitui na Makueni mambo hayakwenda hivyo. Huko chuo kikuu chenyewe na kitabu cha kielektroniki vilifika karibu wakati mmoja. Kwa hiyo swali la msingi si iwapo karatasi itakufa, bali ni nani mwenye kitabu ambacho hakikai rafuni, na lugha zipi zinapata nafasi ndani yake.

Kitabu kabla ya chuo kikuu

Wakamba walipata kitabu mapema, ingawa hakikuchapwa kwao. J. L. Krapf alifika Ukambani mwaka wa 1849, na mwaka uliofuata tafsiri yake ya Injili ya Marko katika Kikamba ilichapwa Tübingen, Ujerumani. Lugha yenyewe ilikipokea kitu hicho kwa jina la mkopo. Mkamba husema ĩvuku, wingi mavuku, neno lililotoka katika Kiingereza na kuvishwa kiambishi cha ngeli, ilhali Kiswahili kilichukua kitabu kutoka katika Kiarabu, na pamoja nacho maktaba, maneno mawili ya mzizi mmoja.

Kutoka kitabu hicho cha kwanza hadi maktaba ya kwanza ya chuo kikuu cha umma chenye makao yake katika eneo hili ulipita muda wa karibu miaka 160. Kijana wa Mwingi au Mbooni aliyetaka elimu ya juu alikwenda Nairobi, na baadaye Eldoret kulikoanzishwa Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 1984, au Kenyatta, kilichokuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 1985. Hata huko, miaka ya themanini na tisini ilikuwa miaka ya njaa ya vitabu. Thamani ya shilingi ilishuka, bei za majarida ya ng'ambo zikapanda, na maktaba nyingi za Afrika zikaacha kununua hata zile juzuu zilizokuwa zikizipata tangu mwanzo. Kilichowavuta wakutubi kwenye kitabu cha kielektroniki, basi, hakikuwa kupenda mitambo mipya, bali uhaba.

Njia ya kuingilia

Yafaa kukumbuka kwamba kitabu hiki si cha jana. Michael Hart alianza kuingiza maandishi katika kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois mwaka wa 1971. Biashara ya kuziuzia maktaba vitabu vya namna hiyo ilipata nguvu baada ya kampuni ya netLibrary kuanzishwa mwaka wa 1998. Kwa Kenya msingi uliwekwa na vyombo vya ushirika. KENET, mtandao wa taasisi za elimu, ulianzishwa mwaka wa 1999. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Cornell kilianza kusambaza TEEAL, maktaba ya majarida ya kilimo iliyohifadhiwa katika diski, ambayo ilisomwa pasipo mtandao. Mpango wa HINARI wa maandishi ya tiba ulifuata mwaka wa 2002, na AGORA wa kilimo mwaka wa 2003. Katika mwaka huo wa 2003 maktaba za Kenya ziliungana katika KLISC ili zilipie kwa pamoja kile ambacho moja peke yake isingekimudu. Ulikuwa ni moyo uleule wa harambee, uliohamishwa kutoka ujenzi wa madarasa hadi ulipiaji wa leseni.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa njia ya mawasiliano, kwa kuwa hadi mwaka wa 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti na nchi za nje, kwa gharama kubwa. Mwaka huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilianza kutumika kupitia Mombasa. Mwaka mmoja tu kabla, yaani 2008, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimeanzishwa Kwa Vonza, Kitui, kuirithi Taasisi ya Kilimo ya Ukamba. Mnamo Machi 2013 chuo hicho kilipewa hati ya kujitegemea, kikawa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, nacho kina kampasi Wote, makao makuu ya Makueni. Chuo Kikuu cha Kenyatta nacho kilifungua kampasi Kitui.

Ukubwa wa eneo unaonyesha sababu ya mapokezi hayo. Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na Makueni zaidi ya 8,000. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,136,187 katika kaunti ya kwanza na 987,653 katika ya pili. Nakala moja ya karatasi iliyopo Kwa Vonza haimfai aliyeko Wote siku hiyohiyo. Nakala ya kielektroniki, leseni ikiruhusu, huwafaa wote wawili.

Kununua au kukodi

Neno leseni ndilo kiini cha jambo. Maktaba ikinunua kitabu cha karatasi, kitabu ni mali yake, na mwaka wa ukame wa fedha haukiondoi rafuni. Kitabu cha kielektroniki hupatikana kwa njia tofauti: usajili wa kila mwaka, ambao ada yake ikikoma mkusanyo wote hufungwa, au ununuzi wa kudumu, ambao mara nyingi huweka kikomo cha wasomaji kwa wakati mmoja. Katika njia ya kwanza, maktaba imekodi.

Isitoshe, mchapishaji humtambua msomaji kwa anwani ya mtandao wa chuo. Akitoka nje ya uwanja wa chuo, msomaji huwa mgeni mpaka apitie lango maalumu kwa neno la siri. Udhaifu huo ulidhihirika Machi 2020, vyuo vilipofungwa nchini kote kwa sababu ya UVIKO-19. Mwanafunzi aliyerudi kwao Mutomo au Kibwezi alihitaji neno la siri, simu yenye chaji, mtandao unaoshika, na fedha za bando. Kitabu kilikuwapo, safari ya kukifikia ndiyo iliyokuwa ndefu.

Suala la lugha

Kwa wanaisimu, uzito mkubwa upo hapa. Mikusanyo inayouzwa kwa jumla hutungwa kwa ajili ya soko la Kiingereza. Maktaba inayolipia maelfu ya vitabu kwa mkupuo haichagui kimoja kimoja, na hivyo haichagui lugha. Kazi kama Mutunga na Ngewa Yake ya John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, iliyotoka mwaka wa 1954, au maandishi ya Kikamba ya David Maillu wa Makueni, si bidhaa ya soko hilo. Yasipotiwa katika kompyuta na wenyewe, hayatatiwa.

Kazi hiyo ina ugumu wake. Kikamba kina irabu saba, na tahajia yake hutumia ĩ na ũ. Mashine inayosoma kurasa zilizopigwa picha ikidondosha alama hizo, ĩvuku huwa ivuku, na anayelitafuta neno kwa tahajia sahihi huenda asilione. Kosa dogo la herufi huwa sawa na kitabu kilichowekwa kwenye rafu isiyo yake.

Lakini ipo njia. Programu ya DSpace, iliyotolewa mwaka wa 2002 na itumikayo bila malipo, imeviwezesha vyuo kujenga hazina zao wenyewe, na chuo cha Kwa Vonza kinayo hazina ya namna hiyo kwa tasnifu na makala ya walimu wake. Kitu kilichomo humo hakikodishwi.

Hitimisho

Hata jina halijatulia: wengine husema kitabu cha kielektroniki, wengine kitabu cha kidijitali, wengine kitabu pepe kwa mfano wa barua pepe. Istilahi itatulia kwa matumizi. Lisilojitatua lenyewe ni suala la umiliki. Mwaka wa 1850 kitabu cha Wakamba kilichapwa Tübingen kwa sababu hapakuwa na mtambo Ukambani. Leo mtambo upo Kwa Vonza. Kitakachotiwa ndani yake, na kwa lugha ipi, kinategemea uamuzi wa wakutubi na walimu wa huko wenyewe.