Kinga na Nguvu Katika Amri Moja

Andika rm -i -f na faili litafutwa bila kuulizwa. Geuza mpangilio, utaulizwa kwanza. Katika desturi ya Unix, machaguo mawili yakipingana, la mwisho ndilo linaloshika, na kanuni ya 11 ya POSIX inaukubali utaratibu huo mradi uwe umeelezwa kwenye mwongozo. Faida yake ni kubwa: aliyeiweka -i kwenye njia ya mkato ya amri yake huitangua kwa kuongeza -f mwishoni.

Programu za kudhibiti matoleo zimeirithi desturi hii nusunusu. Subversion hukataa ukiipa ujumbe kwa -m na faili la ujumbe kwa -F kwa pamoja. Git nayo hukataa, ingawa -m mbili huzipokea na kuzifanya aya mbili. Kwenye git merge, --no-ff ikifuatwa na --ff-only, ya mwisho hushika kimyakimya. Hilo halinisumbui, maana hakuna kazi ya mtu inayopotea.

Kinachonisumbua ni git push. Chaguo la --force-with-lease hulinda kazi ya wenzako: tawi lililoko kwenye seva likiwa limesogea tangu ulipolichukua, amri hugoma. --force haitazami chochote. Ziandike zote mbili, kwa mpangilio wowote, na --force itashinda. Hata ile desturi ya la mwisho haifuatwi. Mtu ambaye njia yake ya mkato ina --force, akaongeza kinga kwa mkono, ataona amri imepita na kuamini kwamba ukaguzi ulifanyika. Kumbe komiti za mwenzake zimeshaondolewa kwenye tawi.

Mercurial, iliyoanza mwaka mmoja na Git, 2005, ina jozi ya aina hiyohiyo. Katika hg update, -c husitisha kazi ikikuta mabadiliko ambayo hayajawekwa kwenye komiti, -C huyafuta. Kinachozitenganisha ni ukubwa wa herufi tu, na kidole huteleza. Ukizitoa pamoja, hg hugoma bila kugusa faili hata moja.

Mtu atasema mwongozo wa Git umeeleza wazi kwamba --force huzima ukaguzi. Ni kweli. Lakini anayeandika --force-with-lease ameshaomba kulindwa, na programu iliyosikia ombi hilo haina haki ya kuchagua uharibifu kwa niaba yake. Kukataa jozi hiyo si kazi ngumu: git merge tayari hukataa --squash ikiambatana na --no-ff.