Gede: Na Waliochoma Chokaa?

Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498. Kuanzia hapo Wareno wakawa wenyeji wa pwani hiyo, hadi 1593 walipohamishia nguvu zao Mombasa na kuanza Fort Jesus. Malindi hadi Gede ni kama kilomita 16, safari ya nusu saa kwa matatu. Lakini maandishi yao tuliyo nayo hayautaji mji wa Gede. Mji wenye msikiti mkubwa, jumba la kifalme na kuta mbili, hakuna aliyeuandika! Hata jina si la wenyewe. Inasemekana Gede ni neno la Kioromo lenye maana ya kitu cha thamani, na walipewa baada ya kuondoka.

Kwa hiyo tunaujua kwa vitu tu. Kaburi moja limechongwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. James Kirkman, aliyechimba hapo kuanzia 1948 kwa karibu miaka kumi, alizipa nyumba majina ya alichookota ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kauri. Fikiria watu wakija chumbani kwako miaka 500 baadaye wakuite Nyumba ya Chaja.

Desemba tulienda familia nzima: Mama, shangazi, mimi na mpwa wangu wa miaka saba ambaye alikuja kwa sababu ya nyani. Kijana aliyetutembeza alikuwa mchangamfu, anajua kazi yake. Tulipofika jumbani akasema, kama wanavyosema wengi, kwamba mji huu ulijengwa na Waarabu.

Mama alizaliwa kwenye nyumba ya udongo huko Ganze. Hakubishana. Aliuliza tu, "Mwanangu, na waliochoma chokaa pia walikuwa Waarabu?"

Kijana akacheka. "Mama, hapo sasa umenishika."

Swali halikuwa la utani. Ukuta wa Gede ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo kubwa la kuni. Mtu alikata hizo kuni. Mtu alibeba boriti za mikoko za kuezekea. Watu hao walilala wapi? Walilala kwenye nyumba za udongo na makuti, nyingi kuliko za mawe, na zote zimeoza. Ukitembea Gede leo unaona mtaa wa matajiri pekee, halafu unaambiwa huo ndio mji. Ni kama mtu aione Nairobi kwa kutembea Muthaiga tu.

Kirkman naye aliamini miji hii ni kazi ya wageni kutoka ng'ambo, na maneno yake yalikaa vitabuni muda mrefu. Nilipokuwa bado chuo, kabla sijaacha, ndivyo tulivyofundishwa, mstari mmoja na kwenda mbele. Lakini miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate. Chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, kurudi nyuma hadi karne ya 8. Udongo ulitangulia mawe, mahali palepale.

Halafu 2023 ukatoka utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa zamani pwani ya Kenya na Tanzania, sehemu kama Mtwapa na Manda (Gede haimo). Wengi wao upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika, na upande wa baba una damu ya Waajemi, mchanganyiko ulioanza karibu mwaka 1000. Kwa hiyo wazee waliojiita Washirazi hawakuwa wanadanganya. Wala nyanya zao hawakuja na jahazi. Mimi naona habari hii ni tamu kuliko zote mbili tulizopewa, ila haiingii kwenye kibao cha mlangoni.

Shangazi alivutiwa zaidi na vyoo. Nyumba za Gede zina vyoo vya shimo na mahali pa kutawadha, ndani kabisa. "Na sisi tuliletewa choo juzi na chifu," akasema, na Mama akacheka mpaka akaketi.

Mpwa wangu alitaka kujua walienda wapi. Mwanzoni mwa karne ya 17 Gede ilikuwa imehamwa. Ukuta wa ndani, mfupi kuliko wa nje, ulijengwa karne ya 16, mji ukiwa tayari unajikunyata. Zimba walipita pwani 1589. Waoromo walikuwa wakishuka kutoka kaskazini. Na visima vilichimbwa kwenda chini zaidi, maana maji yalikuwa yanakimbia.

Akachungulia kisima kando ya msikiti, akatupa kijiwe. Hakikulia maji.

"Si wangenunua mitungi?" akauliza.

Julai 2024 UNESCO iliiweka Gede kwenye orodha ya urithi wa dunia.