Uokoaji wa Watu Katika Meru na Embu: Habari za Zamani na Shauri la Mfuko

Katika kitabu hiki cha kila mwaka tumezoea kuwaletea wanachama hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka. Mwaka huu twaongeza habari za zamani, kwa kuwa mkutano mkuu utaombwa kuamua kama chama chetu kianzishe mfuko wa kudumu wa kuwasaidia watu wanaojitolea kuokoa wenzao. Jambo kama hili halifai kuamuliwa kwa huruma peke yake. Yafaa kwanza tujue mambo yalikuwaje kwa waliotutangulia.

Tuanze na mlima wetu. Mwaka 1949 Mlima Kenya ulifanywa mbuga ya taifa, na mwaka huo huo kikaundwa Chama cha Wapanda Mlima cha Kenya. Zamani zile mtu alipoanguka huko juu, walioitwa kumtafuta walikuwa wanachama wa chama hicho, watu wenye kazi zao nyingine, ambao hawakupata mshahara wowote kwa kuokoa.

Jaribu kubwa lilikuja Septemba 1970. Madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa karibu na kilele cha Batian, chenye kimo cha mita 5,199, Judmaier alipoanguka na kuvunjika mguu vibaya. Mwenzake alishuka kutafuta msaada, na watu wa kujitolea wakapanda katika baridi na theluji. Walimfikia, lakini kumteremsha majeruhi kwenye mwamba ule kulikuwa kazi ngumu mno. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, aliyekuja na helikopta kusaidia, alianguka nayo akafa. Babaye majeruhi alihimiza waokoaji wa kwao Innsbruck waje, nao wakaja kwa ndege kutoka Ulaya, wakasaidia kumshusha. Ilikuwa zaidi ya wiki moja tangu aanguke, naye akapona.

Hatuna budi kuwaheshimu wote waliopanda siku zile, na hasa aliyetoa uhai wake kwa ajili ya mtu asiyemjua. Lakini tujiulize: kama aliyevunjika mguu angalikuwa mpagazi wa Chogoria, au mwana wa mkulima wa Irangi, babaye angalimwita nani? Moyo wa kujitolea ulikuwako tele. Kilichopungua ni matayarisho, yaani vyombo na mafundisho yaliyogharimiwa kabla ya ajali kutokea. Jambo hilo lilieleweka, na katika miaka ya 1970 askari Waafrika wa mbuga walifundishwa kazi ya uokoaji, wakawa na kikosi chao wenyewe.

Kikosi cha mlimani, hata hivyo, hakiwezi kulinda barabara. Kila msafiri wa njia ya Embu na Meru alijua daraja la Nithi na mteremko wake. Tarehe 24 Julai 2022 basi liliacha njia hapo likatumbukia bondeni, na watu zaidi ya 30 wakafa. Katika ajali za namna hii wanaofika kwanza ni wenyeji: mchuma chai, mwenye duka, kijana wa bodaboda. Hao hushuka bondeni bila kamba, hubeba majeruhi kwa blanketi kwa kukosa machela, na usiku humulika kwa simu zao. Baadaye huombwa washukuriwe, kisha husahauliwa mpaka ajali nyingine.

Wengine watasema kwamba harambee yatosha. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1963, Mzee Jomo Kenyatta alipoufanya wito huo wa wavuta mzigo kuwa wito wa taifa, watu wetu wamefanya mengi kwa michango. Chuo cha ufundi cha Meru, ambacho mwaka 2013 kilipata hati ya kuwa Chuo Kikuu, kilianza kwa fedha za wananchi. Lakini chuo kina jiwe la msingi, na mchangaji huweza kuwaonyesha wanawe ukuta alioujenga. Uokoaji hauna ukuta. Mwaka usio na ajali, kamba hukaa stoo, na watu huanza kuuliza fedha zao zimefanya nini. Nasi twajibu kwamba kamba hununuliwa kabla ya mtu kuanguka. Anayeanza kuchangisha majeruhi akiwa bondeni, huenda akachangisha kwa ajili ya mazishi.

Kwa hiyo halmashauri yaleta shauri hili: kila mwanachama atoe shilingi 50 kwa mwezi. Wanachama 200 wakitoa, mfuko utapata shilingi 120,000 kwa mwaka, za kununulia kamba, machela, taa na dawa za huduma ya kwanza, na kulipia mafundisho ya vijana watakaojitolea. Fedha hizo ziwekwe mbali na za mazishi, kila senti iandikiwe stakabadhi, na daftari liwe wazi kwa mwanachama yeyote atakayetaka kulitazama.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwenye kujitolea atupa nguvu zake, na pengine uhai wake, bure. Si haki kumwomba pia ajinunulie kamba.